Unene wa Watoto na Hoja Dhaifu ya Uvivu

Unene uliokithiri wa watoto ni hali ya mwili wa mtoto kulimbikiza mafuta kwa kiasi kinachohatarisha afya yake. Hali hii haipimwi kwa jicho. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, uzito hulinganishwa na urefu kwa kutumia viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kwa wenye miaka 5 hadi 19 hutumika uwiano wa uzito na urefu unaozingatia umri na jinsia. Kwa vipimo hivyo, mwaka 1990 duniani kulikuwa na watoto na vijana milioni 31 wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri, sawa na asilimia 2 ya rika hilo. Mwaka 2022 walifika milioni 160, asilimia 8. Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza wenye unene uliokithiri katika rika hilo wamewapita wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2.

Maelezo yanayotolewa kuhusu ongezeko hilo huwa mafupi, na watu huyakubali upesi. Watoto wa siku hizi, inasemwa, ni wavivu. Wanashinda mbele ya televisheni na simu, hawachezi, hawatumwi, wanakula ovyo, na wazazi wamewadekeza. Dawa inayotajwa ni fupi vilevile: wale kidogo, wakimbie sana, na wazazi wawe wakali. Kauli hizi husikika redioni, kwenye vikao vya wazazi shuleni, hata ndani ya vyumba vya madaktari. Zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayozipa nguvu. Hata hivyo hazielezi chanzo cha tatizo, zimeshindwa kulikinga, na kwa mtoto anayeambiwa maneno hayo kila siku zinaleta madhara yanayoonekana.

Udhaifu wa kwanza uko katika namna njaa inavyoeleweka. Hoja ya uvivu na ulafi huichukulia njaa kama tabia, jambo ambalo mtoto mwenye adabu hulizuia na mtoto aliyedekezwa hushindwa kulizuia. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni linalotengeneza homoni iliyopewa jina la leptini. Homoni hii hutoka kwenye seli za mafuta na kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo mwilini. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Mmoja alikuwa na miaka minane na kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka miwili na kilo 29. Watoto hao walikuwa na njaa isiyokatika. Mkubwa wao alipoanza kuchomwa sindano za leptini iliyotengenezwa maabara, njaa ilitulia na ndani ya mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 15. Hakuna aliyempa mawaidha, na hakuna aliyembadilishia malezi. Kilichobadilika ni taarifa inayoufikia ubongo.

Upungufu kamili wa leptini ni nadra sana, na watoto wengi wanene hawana tatizo hilo. Umuhimu wa habari hii ni kwamba ilionyesha wazi mahali njaa inapoongozwa: ndani ya ubongo, chini ya fahamu, kwa homoni zinazotofautiana kutoka mtu hadi mtu kwa kurithi. Utafiti wa watoto mapacha uliochapishwa Uingereza mwaka 2008, uliohusu watoto wa miaka 8 hadi 11, ulikadiria kwamba asilimia 77 ya tofauti za uzito kati yao kwa kulinganisha na urefu ilitokana na urithi. Ndiyo maana watoto wawili wa nyumba moja, wanaokula sahani moja na kulelewa na mama mmoja, wanaweza kukua mmoja mwembamba na mwingine mnene. Jirani anayemsifu mama kwa yule wa kwanza na kumlaumu kwa yule wa pili anamhukumu mama huyohuyo mara mbili.

Hapo huulizwa swali la haki: kama ni urithi, mbona zamani watoto wanene walikuwa wachache? Jeni za binadamu hazibadiliki ndani ya miaka thelathini. Jibu ni kwamba mazingira huamua ni watoto wangapi watanenepa, na urithi huamua ni akina nani miongoni mwao. Mtoto mwenye njaa kali aliyezaliwa mwaka 1970 katika kijiji cha ugali, mboga na maharage alikuwa na njaa kali, lakini hakuwa na cha kumnenepesha. Mtoto wa aina hiyohiyo aliyezaliwa mwaka 2015 karibu na kituo cha daladala amezungukwa na vishawishi tangu asubuhi. Utashi wa watoto haukuporomoka ghafla katika nchi zote za dunia kati ya 1990 na 2022. Anayeshikilia hoja ya uvivu anadaiwa maelezo ya jinsi uvivu ulivyoenea kwa kasi ileile Mexico, Misri, Afrika Kusini na visiwa vya Pasifiki, kwenye jamii zenye malezi, dini na mila tofauti kabisa.

Nguzo kubwa ya hoja hiyo ni mazoezi, nayo inastahili kuchunguzwa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayoaminika kuliko zote. Inadhaniwa kwamba mtoto ananenepa kwa sababu hakimbii, na kwamba akikimbia atapungua. Moja ya tafiti zilizotikisa dhana hii ilifanyika Tanzania. Mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo. Wahadza hutembea sana kila siku, huchimba mizizi, hupanda mibuyu na kufuata nyuki. Pamoja na hayo, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wazima wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Tafiti za baadaye kwa watoto wa Washuar wa Ekuado zilionyesha jambo linalofanana: watoto wanaohangaika porini hawatumii nishati nyingi zaidi kwa jumla kuliko watoto wa mijini. Inaelekea mwili unapotumia nishati nyingi kwenye misuli, hubana matumizi kwingine. Wahadza ni wembamba, lakini sababu yake haiko kwenye wingi wa nishati wanayochoma. Inabidi itafutwe katika vyakula vyao.

Utafiti mwingine uliwafuata watoto wa mji wa Plymouth, Uingereza, kuanzia umri wa miaka 7 hadi 10, ukipima mafuta ya mwili na mwendo wao mwaka hadi mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaligeuza mpangilio wa sababu na tokeo. Watoto waliokuwa wanene walipunguza michezo baadaye, ilhali waliocheza kidogo hawakunenepa zaidi baadaye. Kwa maneno mengine, mtoto anayeonekana mvivu uwanjani mara nyingi ameshakuwa mnene kabla ya kuwa mvivu. Magoti yanauma, pumzi inakata, wenzake wanamcheka, naye anajitenga pembeni. Mwalimu wa michezo akimwona hapo huhitimisha kwamba amekiona chanzo cha unene, kumbe ameona mojawapo ya matokeo yake.

Hesabu ya kawaida nayo haiungi mkono hoja ya mazoezi. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai, na nishati inayokaribia kilokalori 130. Mtoto wa kilo 25 huimaliza kwa dakika tano. Kuitumia nishati hiyo yote kwa mbio kunamtaka akimbie bila kupumzika kwa nusu saa hivi au zaidi, na akirudi nyumbani atakuwa na njaa.

Ni muhimu kufahamu dhana hii ilivyopewa msukumo. Agosti 2015 gazeti la The New York Times liliandika kwamba kampuni ya Coca-Cola ilikuwa inafadhili kundi la wanasayansi lililojiita Global Energy Balance Network, ambalo ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba watu wanahangaikia mno chakula na vinywaji huku tatizo likiwa ukosefu wa mazoezi. Chuo Kikuu cha Colorado kilirudisha dola milioni moja, na kundi likavunjwa kabla mwaka huo haujaisha. Kundi lilikufa, wazo likabaki. Huku kwetu pia michezo ya vijana imekuwa ikibebwa na majina ya vinywaji; Kenya na Tanzania zote zimewahi kuwa na mashindano ya Copa Coca-Cola kwa wachezaji vijana. Mtoto anayeshinda kombe lenye jina la soda hufundishwa, bila mtu kusema neno, kwamba soda na afya ya mwanamichezo ni vitu vya familia moja.

Haya yote hayana maana kwamba michezo haina faida. Mtoto anayecheza hujenga mifupa, moyo na mapafu, hulala vizuri, husoma vizuri, na huweza kutunza uzito wake kwa urahisi kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za kuuchangamsha mwili kwa wenye miaka 5 hadi 17, na pendekezo hilo ni zuri. Lakini hata hapa lawama inaelekezwa pasipostahili. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliandamana kudai uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta na wanyakuzi wa ardhi. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Watoto wale walikuwa tayari kucheza. Waliokuwa wamewazuia ni watu wazima. Katika miji yetu mingi viwanja vya wazi vimegeuzwa maduka, maegesho na nyumba, barabara hazina njia za watembea kwa miguu, na mzazi anayemfungia mwanawe ndani kwa kuogopa bodaboda anafanya jambo la busara. Ukosefu wa michezo katika hali kama hiyo ni suala la ardhi na mipango miji.

Kama uvivu haukueneza unene, ni nini basi? Kilichobadilika zaidi ni chakula: aina yake, bei yake, ukaribu wake na namna kinavyotangazwa. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliolazwa katika kituo cha utafiti. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kupikwa kutokana na viambato vya kawaida. Milo ya pande zote mbili iliandaliwa kwa viwango sawa vya sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Kwenye vyakula vya viwandani watu walewale walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi hichohicho. Watu hawakubadilika tabia kati ya wiki ya pili na ya tatu. Kilichobadilika ni sahani. Na hao walikuwa watu wazima wanaojua kwamba wanachunguzwa; mtoto wa miaka sita hana hata kinga hiyo.

Kwa watoto wenyewe, ushahidi wa vinywaji ndio ulio imara kuliko wote. Nchini Uholanzi watoto 641 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kila siku kwa miezi 18 nusu yao walipewa mililita 250 za kinywaji chenye sukari na nusu nyingine walipewa kinywaji cha ladha hiyohiyo kisicho na sukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wote waliongezeka uzito kama watoto wanaokua, lakini waliokunywa sukari waliongezeka kilo moja zaidi. Kilo moja inaonekana ndogo mpaka ikumbukwe kwamba ilitokana na kikombe kimoja kwa siku, na utoto una miaka mingi kuliko mwaka mmoja na nusu. Sukari ya kwenye kinywaji haishibishi kama ya kwenye chakula. Mtoto hunywa, kisha hula mlo wake wote uleule.

Ukitazama nje ya geti la shule ya msingi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi wakati wa mapumziko, unaliona soko lenyewe. Kuna pipi, biskuti, krispi za pakiti ndogo, ashkirimu, juisi za unga zilizogandishwa kwenye vifuko, soda, chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyochemka mara nyingi. Pembeni pengine yupo muuza machungwa au karanga. Mtoto ana sarafu chache na njaa ya saa nne, kwa kuwa wengi hutoka nyumbani na chai ya rangi tu. Viwanda vimejua kufungasha bidhaa kwa kipimo cha sarafu hizo. Na pale ambapo shule haina maji salama ya kunywa, kinywaji cha dukani kinakuwa ndicho jibu la kiu. Kumwambia mtoto huyo ajizuie ni kumtwika mzigo ambao bodi ya shule, halmashauri na wizara zimeshindwa kuubeba.

Wapo wanaokubali haya kwa nchi tajiri lakini wanasema kwamba kwetu tatizo ni njaa, na unene wa watoto ni anasa ya wachache. Takwimu za chini ya miaka mitano zinaonekana kuwaunga mkono: uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Tanzania asilimia 4 ya watoto hao wakiwa na uzito uliozidi, na Kenya asilimia 3, ilhali wenye udumavu walikuwa asilimia 30 Tanzania na 18 Kenya. Ripoti ya UNICEF ya 2025 nayo ilitaja Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini kuwa maeneo pekee ambako uzito pungufu bado unazidi unene. Lakini kuzitenga takwimu hizi mbili ni kutoielewa biolojia. Udumavu na unene si wapinzani. Mara nyingi wa kwanza huuandalia njia wa pili.

Ushahidi wa kale zaidi unatoka Uholanzi wakati wa njaa ya 1944 hadi 1945, jeshi la Ujerumani lilipozuia chakula magharibi mwa nchi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 kuhusu vijana wapatao 300,000 walioitwa jeshini wakiwa na miaka 19 ulionyesha kwamba wale ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene uliokithiri zaidi. Nchini Brazili, watafiti waliochunguza watoto wa makazi duni ya São Paulo waligundua mwaka 2000 kwamba miili ya watoto waliodumaa ilichoma mafuta kidogo kuliko ya wenzao wa mitaa hiyohiyo wasiodumaa. Mwili uliojengwa katika uhaba hujifunza kuweka akiba. Ukikutana baadaye na soda, krispi na mafuta ya bei rahisi, unaweka akiba kwa bidii ileile. Nchi ambayo watoto watatu kati ya kumi wamedumaa, huku miji yake ikipanuka kwa kasi, haina sababu ya kujiona salama.

Jambo hili linaugusa utaratibu wa kliniki. Katika vituo vingi mtoto huning'inizwa kwenye mzani, uzito wake ukawekwa nukta kwenye kadi, na nukta ikiwa kwenye rangi ya kijani mama huambiwa mtoto anaendelea vizuri. Mzani peke yake hauwezi kumtofautisha mtoto mrefu mwenye uzito wa kufaa na mtoto mfupi aliyedumaa ambaye ameanza kunenepa. Wote wawili wanaweza kuangukia kijani. Bila ubao wa kupimia urefu, mtoto wa pili haonekani kabisa. Atakuja kuonekana akiwa darasa la tatu, na hapo lawama itakuwa imeshapata wa kumwangukia.

Wa kumwangukia ni mama. Hii ndiyo sehemu ya mtazamo uliozoeleka inayopaswa kukataliwa kwa nguvu zaidi. Mwili wa mtoto husomwa mtaani kama cheti cha mama yake. Akiwa na miezi minane na mashavu yamejaa, mama husifiwa kwamba mtoto amenawiri. Akiwa mwembamba, huulizwa kama maziwa yanatoka. Shinikizo hilo humsukuma kuanza uji mapema, kuongeza maziwa ya kopo, kumshindilia mtoto kijiko cha mwisho ambacho amekwisha kukikataa kwa kugeuza uso. Miaka tisa baadaye mashavu yaleyale yanakuwa ushahidi dhidi yake. Uhusiano kati ya kuongezeka uzito haraka mno katika miaka miwili ya kwanza na unene wa baadaye umethibitishwa na tafiti nyingi, na maana yake ni kwamba jamii iliyomsifu mama wakati ule inahusika na hali anayolaumiwa kwayo leo. Kampuni za maziwa ya kopo zinahusika pia. Kanuni ya kimataifa ya kudhibiti utangazaji wa bidhaa hizo ilipitishwa mwaka 1981, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Mama anayerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na asiye na pa kukamulia maziwa, hasaidiwi kwa kuambiwa faida za maziwa yake. Anazijua.

Lawama ina gharama zake za kitabibu. Watoto wanaochekwa kwa majina kama Kibonge au Tipwatipwa, ama wanaosimangwa mezani kila wakichukua sahani, hawapungui. Tafiti zilizowafuata watoto kwa miaka zimeona kwamba wanaotaniwa kwa unene huelekea kuongezeka uzito zaidi, pamoja na kupatwa na huzuni, kula kwa kujificha na kukimbia michezo. Aibu ingekuwa dawa, tatizo hili lingekuwa limekwisha, maana kipimo chake hakijawahi kupungua.

Kinga inayofaa inalenga pale chanzo kilipo. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Manunuzi yalishuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili. Chile mwaka 2016 iliweka alama nyeusi zenye pembe nane kwenye vifungashio vya vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati kupita kiasi, ikapiga marufuku kuvitangaza kwa watoto na kuviuza shuleni. Manunuzi ya vinywaji vyenye alama hizo yalipungua kwa karibu robo. Uingereza ilitangaza mwaka 2016 kwamba itatoza vinywaji kulingana na kiasi cha sukari kuanzia Aprili 2018, na viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya tarehe hiyo. Utafiti wa 2023 ulikuta unene uliokithiri kwa wasichana wa miaka 10 hadi 11 umepungua kwa asilimia 8 kulinganisha na ilivyotarajiwa, ingawa kwa wavulana badiliko halikuonekana wazi. Afrika Kusini nayo ilianza tozo ya sukari Aprili 2018, ikihesabu kila gramu inayozidi gramu 4 kwa mililita 100. Hakuna hata moja ya hatua hizi iliyomaliza tatizo, na anayedai kwamba sheria moja itatosha anadanganya. Lakini kila moja imeleta badiliko linalopimika, jambo ambalo miongo ya mawaidha haijalileta.

Kinachojibiwa mara moja ni kwamba kodi ya sukari inamkandamiza maskini. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Mexico, waliopunguza manunuzi zaidi walikuwa maskini, na ndio ambao kisukari kinapowapata hukosa fedha za dawa. Kodi ya soda inaweza kukwepwa kwa kunywa maji. Gharama ya kumsafisha damu mgonjwa ambaye figo zake zimeharibiwa na kisukari haikwepeki. Ubaya unaoonekana kwetu ni wa aina nyingine: kodi ipo, lakini haitofautishi. Sheria ya Kenya ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka maji ya chupa na vinywaji baridi katika fungu moja lenye kiwango kimoja kwa lita. Maji yasiyo na chochote na soda yenye vijiko vinane vya sukari vikitozwa sawa, mlipaji hapewi sababu yoyote ya kuchagua maji, wala kiwanda hakipewi sababu ya kupunguza sukari.

Shule ndiyo mahali pa kuanzia penye matunda ya haraka, kwa sababu watoto wako pale kwa saa nyingi na mamlaka juu yake yapo. Mlo wa mchana wa maharage, mboga na nafaka, maji salama, na marufuku ya kuuza soda na krispi ndani ya geti vinagusa mtoto mnene na mtoto mwenye njaa kwa wakati mmoja. Japani ina sheria ya chakula cha shuleni tangu 1954, na ni miongoni mwa nchi tajiri zenye watoto wachache wanene. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 humtaka mzazi shilingi 5 kwa mlo wa moto. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya njaa, lakini mtoto aliyeshiba wali na ndengu saa sita hana haja kubwa ya pakiti ya krispi saa nane.

Mzazi anabaki na kazi yake, na hoja hii haimwondolei. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo inapowezekana; kumwacha mtoto aache kula akishiba; maji kuwa kinywaji cha kila siku, soda ikabaki ya sikukuu; usingizi wa kutosha, kwa kuwa kulala kidogo huongeza njaa; simu na televisheni kuzimwa wakati wa kula. Haya yanasaidia. Yanasaidia zaidi yakifanywa na nyumba nzima, kwani mtoto mmoja anayenyimwa soda huku kaka zake wakinywa hujifunza chuki tu.

Kwa mtoto ambaye tayari ni mnene, kumnyima chakula si tiba. Mwili wake bado unajenga mifupa na ubongo, na njaa ya kulazimishwa humrudisha kwenye uzito uleule au zaidi. Kwa wengi lengo la awali ni kuzuia uzito usipande huku urefu ukiongezeka, ili uwiano ujirekebishe wenyewe kwa miaka. Kuchelewa si salama: takriban asilimia 80 ya vijana balehe wenye unene uliokithiri huendelea nao ukubwani. Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, mwenye ngozi iliyokuwa nyeusi na nene shingoni au kwapani, au anayechechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, anahitaji kupimwa sukari, shinikizo la damu, ini na viungo, na apelekwe hospitali bila kusubiri.